Klorini Katika Maji ya Mgao: Dawa, Mazao Yake ya Pembeni na Kazi ya Kamati ya Maji

Mwezi Oktoba 2022, kina cha mto Ruvu kiliposhuka kwa ukosefu wa mvua, DAWASA ilitangaza ratiba ya mgao kwa wateja wake wa Dar es Salaam na sehemu za mkoa wa Pwani. Tangazo lile liliwashtua waliozoea kufungua koki na kuona maji. Kwa wakazi wengi wa miji midogo na vijiji halikuwa na jipya, kwa kuwa maji ya bomba kwao yamekuwa ya zamu siku zote: huja usiku wa manane, hukatika kabla ya jua kupanda, na kaya hujaza madumu, mapipa na matangi ili akiba hiyo ifike hadi zamu nyingine.

Katika mazingira hayo, kamati za maji hupokea malalamiko mawili yanayoonekana kupingana. Wakazi walio karibu na tangi kuu husema maji yananuka dawa kiasi cha kutonyweka. Walio mwisho wa bomba husema maji hayana dawa kabisa na watoto wanaharisha. Mhudumu wa mradi hujikuta hajui amsikilize nani. Jibu ni kwamba wote wanaweza kuwa wanasema kweli, siku moja na kwa bomba lilelile, na kati ya malalamiko hayo mawili lipo jambo la tatu ambalo hakuna anayelilalamikia kwa sababu halionekani wala halinuki: kemikali zinazozaliwa klorini inapokutana na uchafu wa mimea. Wataalamu huziita mazao ya pembeni ya klorini.

Klorini hutiwa katika maji ili kuua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Mji wa Lincoln, Uingereza, uliitumia mwaka 1905 baada ya mlipuko wa homa ya matumbo, na Jersey City ya Marekani ilianza kuitia katika maji yake kila siku mwaka 1908. Ni miongoni mwa hatua za afya ya jamii zilizookoa maisha mengi zaidi katika karne ile. Hata hivyo, klorini haichagui adui. Ikikuta chuma kilichoyeyuka, amonia, tope au mabaki ya majani yaliyooza, huvivamia vyote kwa pupa ileile inayowavamia vijidudu. Kiasi kinacholiwa na vitu hivyo huitwa mahitaji ya klorini ya maji hayo. Kinachosalia ni klorini baki, nayo ndiyo inayosafiri na maji bombani na kuyalinda hadi yafike kikombeni. Mhudumu akitia miligramu 2 kwa kila lita, na maji yakala miligramu 1.4, klorini baki ni miligramu 0.6. Wakaguzi huuliza juu ya hiyo 0.6. Ni vyema kuuliza pia ile 1.4 imekwenda wapi.

Sehemu yake kubwa imegeuka kuwa chumvichumvi isiyo na madhara. Sehemu nyingine imeshikana na mabaki ya mimea, yale yanayoyapa maji ya mto rangi ya chai baada ya mvua, na kuunda kemikali mpya. Mwaka 1974 Johannes Rook, mkemia wa huduma ya maji ya Rotterdam, Uholanzi, alionesha kwamba klorofomu iliyokuwa ikikutwa katika maji yaliyosafishwa ilizaliwa ndani ya mtambo wenyewe, pale klorini ilipokutana na mabaki hayo ya asili. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani waliripoti jambo lilelile. Ilikuwa habari ya kushtua, kwani dawa ya kusafishia maji ilibainika kuwa nayo huacha kitu nyuma yake.

Kundi linalojulikana zaidi la mazao hayo ni trihalomethani, nazo zinazopimwa ni nne: klorofomu, bromodikloromethani, dibromokloromethani na bromofomu. Kundi la pili ni asidi za haloasetiki. Kwa kiwango kinachopatikana katika maji ya kunywa, pua na ulimi wa mtu havizitambui. Kwa hiyo harufu kali ya dawa siyo ushahidi kwamba zipo nyingi, wala maji yasiyo na harufu hayawezi kudhaniwa kuwa hayana.

Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa miligramu 0.3 kwa lita kwa klorofomu, 0.1 kwa bromofomu, 0.1 kwa dibromokloromethani na 0.06 kwa bromodikloromethani. Marekani hupima zote nne kwa pamoja na kuweka kikomo cha miligramu 0.08 kwa lita. Vikomo hivi vimekadiriwa kwa mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote, si kwa anayekunywa glasi moja au wiki moja. Tafiti kadhaa zimeona uhusiano kati ya kutumia kwa miaka mingi maji yenye mazao haya kwa wingi na saratani ya kibofu cha mkojo. Uhusiano huo umeonekana katika nchi zaidi ya moja, ingawa ushahidi wa sababu na matokeo haujakamilika. Inatosha kusema kwamba ni hatari ya kweli, ndogo kwa mtu mmoja mmoja, na inayokuja polepole.

Kipindupindu hakiji polepole. Mwezi Januari 1991 kiliingia Peru, na katika mwaka huo mmoja nchi hiyo ilihesabu wagonjwa zaidi ya 300,000 na vifo takriban 2,900. Katika mji wa Trujillo, ambako maji ya bomba hayakuwa yakitiwa klorini, watafiti walikuta ugonjwa ukisafiri ndani ya maji ya mji wenyewe. Baadaye ulizuka ubishi iwapo hofu ya mazao ya pembeni ilichangia uzembe ule, na walioufuatilia kwa makini walielekeza lawama zaidi kwenye mabomba mabovu na huduma iliyotelekezwa. Vyovyote iwavyo, Tanzania ina kumbukumbu yake ya karibu: mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ukasambaa katika mikoa mingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kuhusu jambo hili: usalama dhidi ya vijidudu usihatarishwe kwa ajili ya kudhibiti mazao ya pembeni. Kamati ya maji itakayopunguza klorini kwa kuogopa saratani ya miaka thelathini ijayo itakuwa imekaribisha msiba wa wiki ijayo.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini mazao haya yajadiliwe? Kwa sababu mgao huyaongeza kwa njia ambayo mradi wenye maji saa 24 hauijui.

Bomba likiwa na maji yenye msukumo muda wote, kila tundu huvujisha maji kwenda nje. Maji yakikatwa, bomba hubaki tupu, na mahali pa mteremko maji yanayoshuka hufyonza nyuma yake. Tundu lililokuwa likivujisha sasa huvuta ndani kilicho nje yake: maji ya mtaro, ya dimbwi, au yanayochuruzika kutoka shimo la choo lililochimbwa karibu mno. Ndani ya bomba, tope hutulia na utando wa vijidudu kwenye kuta huanza kubanduka. Zamu inaporejea, maji mapya hukimbia kwa nguvu, yakizoa vyote hivyo na kuvipeleka kwa mteja wa kwanza kufungua koki. Katika miji pacha ya Hubli na Dharwad nchini India, watafiti walilinganisha mitaa yenye maji saa zote na mitaa ya mgao iliyopata maji kutoka chanzo kilekile. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha bakteria wa kinyesi katika asilimia 31.7 ya sampuli za mitaa ya mgao, na katika asilimia 0.7 tu ya sampuli za mitaa yenye maji saa zote. Kwa kuwa chanzo kilikuwa kimoja, tofauti hiyo ilitokana na safari ya maji bombani.

Mhudumu aonapo hali hiyo, hatua ya kwanza inayomjia ni kuongeza dozi kwenye tangi kuu. Nia yake ni njema, lakini hesabu haimsaidii. Akipandisha dozi kutoka miligramu 2 hadi 5, nyumba ya kwanza itapata maji yenye klorini nyingi kupita kiasi. Wapo watu wanaoonja klorini hata ikiwa miligramu 0.3 tu kwa lita, na mama anayeona mtoto akikunja uso kwa harufu huchukua ndoo na kurudi kwenye kisima cha wazi. Nyumba ya mwisho bado huenda isipate kitu, kwa sababu tope la bombani limekula klorini yote njiani. Na pote katikati, klorini nyingi iliyokutana na uchafu mwingi imezaa mazao ya pembeni kuliko hapo awali.

Safari haiishii kwenye koki. Maji ya mgao hulala tangini kwa siku mbili, tatu, hata wiki. Mazao ya pembeni hukua kwa muda na kwa joto, na tangi jeusi la plastiki lililosimama juani juu ya paa lina vyote viwili. Maadamu klorini na mabaki ya mimea vimo pamoja, trihalomethani huendelea kuundwa, kwa kasi saa za mwanzo na taratibu baadaye. Wakati huohuo klorini baki inapungua hadi inakwisha. Maji ya siku ya tatu, basi, yanaweza kuwa na hasara zote mbili: mlinzi ameondoka, na alichokiacha bado kimo. Asidi za haloasetiki zina tabia tofauti kidogo, kwani klorini ikishakwisha baadhi ya bakteria huzila na kuzipunguza. Faraja hiyo ni ndogo, maana kupungua huko ni dalili kwamba bakteria wameanza kustawi.

Uholanzi, nchi aliyofanyia kazi Rook, iliamua hatimaye kuachana na klorini katika kusafisha maji yake, na matumizi ya mwisho yalikoma mwaka 2005. Mfano huo hutajwa mara nyingi na wasioipenda dawa hii. Wanachosahau kusema ni kwamba Waholanzi walitanguliza kusafisha maji hadi yakabaki na chakula kidogo sana cha vijidudu, wakaziba mabomba, na hawayakati maji. Mradi wa mgao ukiacha klorini utakuwa umechukua hatua ya mwisho ya Waholanzi bila kuchukua hata moja ya zile zilizoitangulia.

Njia iliyo wazi kwa mradi mdogo ni kuiacha klorini kazini na kuipunguzia chakula. Maji yafikishwe mahali pa dawa yakiwa tayari yametolewa tope na rangi. Shabu ikitiwa kwa kipimo sahihi hukusanya chembe za tope pamoja na sehemu nzuri ya mabaki ya mimea, na kuyatuliza chini. Kipimo sahihi hakikisiwi: mhudumu hujaza mitungi kadhaa maji ya mto wa siku hiyo, hutia kila mmoja shabu ya kiasi tofauti, hukoroga, husubiri, kisha huchagua ule ulionga'a kwa shabu ndogo zaidi. Kipimo cha kiangazi hakifai wakati wa masika. Pale ambapo chanzo ni mto, kufunga mlango wa maji kwa saa za mwanzo za mafuriko, mto unapokuja na majani na udongo wa milimani, huokoa dawa nyingi. Na klorini itiwe baada ya chujio, si kabla yake. Ipo mitambo inayotia dawa mwanzoni ili kuzuia mwani katika matangi ya kutulizia, na kila inapofanya hivyo huilisha klorini mabaki yote ambayo shabu na chujio vingeyaondoa.

Mbegu za mlonge zinastahili neno lake hapa, kwa kuwa zinasifiwa sana vijijini, na kwa haki. Unga wake hutuliza tope na kuyafanya maji yang'ae. Lakini unga huo ni mmea, na sehemu yake huyeyuka na kubaki majini, hivyo huongeza kile ambacho klorini hukila. Kaya inayotumia mlonge iyachuje maji vizuri baada ya kutulia, na isiyaweke siku nyingi.

Visima vya ukanda wa pwani vina jambo lao. Maji yake mara nyingi ni masafi machoni, bila rangi ya mimea, ila bahari inapenyeza. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 65 za bromidi, kwa hiyo kisima kilichoingiliwa na bahari kwa kiasi cha sehemu 1 tu kati ya 100 huwa na takriban miligramu 0.65 kwa lita. Klorini huigeuza bromidi hiyo kuwa bromini, nayo hushikana na mabaki ya mimea upesi kuliko klorini yenyewe. Mazao yanayotokea ni yale ya upande wa bromini, ambayo vikomo vyake ni vikali kuliko vya klorofomu. Kamati yenye kisima ambacho maji yake yameanza kuwa ya chumvichumvi isichukulie hilo kuwa suala la ladha peke yake. Kupunguza saa za kuvuta maji kisimani, ili bahari isizidi kusogea, ni sehemu ya kulinda afya.

Upande wa dozi yenyewe, hesabu ni rahisi na haipaswi kuachiwa kijiko cha mazoea. Tangi la lita 50,000 linalohitaji miligramu 2 kwa lita linahitaji gramu 100 za klorini halisi. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 utapimwa gramu 154. Lakini unga uliokaa wazi katika stoo yenye joto huenda umeshuka hadi asilimia 40, na gramu zilezile 154 sasa hutoa miligramu 1.2 tu kwa lita. Mhudumu anadhani ametia 2. Dawa ya maji iliyo katika hali ya kimiminika huharibika upesi zaidi, na inapoharibika juani sehemu yake hugeuka klorati, ambayo nayo ina kikomo chake: miligramu 0.7 kwa lita. Stoo iwe ya kivuli na yenye hewa, ndoo ifunikwe barabara, na shehena ya zamani itumike kabla ya mpya.

Pale bomba linapokuwa refu, ni afadhali kugawa dozi kuliko kuibebesha yote tangi la mwanzo. Kiasi kidogo kikitiwa kwenye tangi kuu na kingine kidogo kwenye tangi la katikati, nyumba ya kwanza haichukizwi na nyumba ya mwisho haikosi. Kabla ya zamu kuanza, koki za kumwagia tope zifunguliwe, maji machafu ya mwanzo yatoke njia hiyo badala ya kuingia majumbani. Baadhi ya kamati huona ni kupoteza maji yaliyokwisha kulipiwa dawa na umeme. Maji hayo kwa vyovyote hayanyweki. Kinachopotea zaidi ni kile kinachovuja usiku kucha kupitia viungo visivyozibwa, na kila lita inayookolewa hapo hurefusha zamu, hupunguza muda wa bomba kukaa tupu na hupunguza siku za maji kulala tangini.

Nyumbani, ndoo za kwanza baada ya maji kurejea zitengwe kwa kudekia, choo na bustani, hadi maji yatoke meupe. Tangi lisijazwe juu ya tope la zamu iliyopita, bali lisafishwe, na lenye kivuli ni bora kuliko lililo juani. Maji ya kunywa yakingwe kwenye chombo chake chenye mfuniko, yatumiwe kwanza. Maji yaliyofika yakiwa na klorini baki ya kutosha hayahitaji kidonge kingine siku hiyohiyo. Wenye kuchukizwa na harufu wayaache saa chache katika mtungi safi uliofunikwa. Maji ya tope yatulizwe na kuchujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa kabla ya kutiwa dawa, kwani kuongeza dozi juu ya tope ni kuongeza pia mazao ya pembeni. Kuchemsha kwa nguvu huua vijidudu na hufukuza sehemu kubwa ya trihalomethani kwa mvuke, ila maji yaliyochemshwa hayana mlinzi tena, na kikombe kichafu kikizamishwa humo kazi yote imeharibika.

Kupima trihalomethani huhitaji maabara yenye mashine ya krometografia ya gesi, na hakuna mradi wa kijiji unaotarajiwa kuwa nayo. Klorini baki hupimwa kwa kidonge na chupa ndogo, maji yakigeuka waridi, na mtu yeyote aliyeelekezwa kwa nusu saa anaweza kuifanya kazi hiyo. Mwongozo ni angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dawa kukaa majini dakika 30, na 0.2 hadi 0.5 pale mwananchi anapochotea. Daftari la kamati liandikwe kila zamu: saa ya kufungua na kufunga, rangi ya maji ya chanzo, gramu za unga zilizotiwa, klorini baki kwenye koki ya karibu na kwenye koki ya mbali, ya mwanzo wa zamu na ya saa moja baadaye. Koki ya mbali ikionesha sifuri mwanzo wa zamu na 0.3 baada ya saa moja, tatizo liko kwenye tope la bombani, nalo hutatuliwa kwa kumwaga na kuziba. Ikionesha sifuri zamu nzima huku ya karibu ikiwa na 1 au zaidi, dozi igawanywe. Na gramu za unga zikipanda mwezi hadi mwezi bila klorini baki kupanda, mhudumu aanze kwa kutazama tarehe kwenye ndoo ya dawa, kisha aende akayatazame maji ya chanzo.